Kiti cha Tetteh

Kwenye basi la Somanya nilijifanya nasinzia. Dada mmoja alikuwa akimpa mjane aliyevaa nyeusi kitabu cha kuponya majonzi. "Soma hiki, mama. Hicho ulichoshika, cha siku ya mwisho, kitakutisha bure."

"Kinitishe nini? Kinasema wafu ndio watakaotangulia kufufuka. Tetteh wangu alichelewa hata harusi yetu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, atafika kabla yangu."

Dada akacheka, halafu akaona haya. "Lakini inabidi umwache aende, mama."

"Aende wapi tena? Kwenye basi hili hili nilikuwa namwekea kiti kwa mkoba, naye anakuja mbio, shati halijafungwa."

Tukasimama kituoni. Kondakta akamwomba mama atoe mkoba wake kwenye kiti cha kando, abiria akae. Mama akachungulia kwanza dirishani, ndipo akautoa.