Benchi la Mlangoni kwa Hilleke Shubina

Jamaa, majirani, na ninyi washirika wa kanisa dogo la ng'ambo ya mto: tuliyemzunguka leo hapa Sosnovets, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ni Hilleke Shubina, mke wa Timofei, mama wa Ustinya. Tutamweleza polepole, maana miaka yake ya mwisho hakupenda haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1961 huko Friesland, Uholanzi, mtoto wa tatu wa Mchungaji Douwe Boersma na mkewe Tjitske. Kwao watoto huteleza kwenye mifereji iliyoganda kabla hawajajua kuandika majina yao. "Barafu ni dada yangu," alipenda kujisifu. Baadaye aliacha kusema hivyo, na hapa kijijini hakuna aliyemkumbusha.

Alisomea uuguzi mjini Groningen, akahitimu mwaka 1983, kisha akasoma chuo cha Biblia. Misheni ikamtuma kwetu, akashuka hapa Urusi, ukingoni mwa mto Pinega, Septemba 1992, na mabuti yasiyofaa hata kwa mvua.

Alikuja kutufundisha, nasi tukamfundisha: asisalimie mtu kizingitini, asipige mluzi ndani ya nyumba. Aliyapokea kwa kicheko. Siku ya kwanza kumtembelea Mama Pelageya, alibeba maua manne.

"Mwanangu," Mama akashtuka, "manne ni ya kaburini! Mimi bado napumua, na samaki wako jikoni."

"Mama, kwani idadi inauma?"

"Haiumi. Inaita."

Mama akachomoa ua moja, akalichomeka kwenye nywele za mgeni. "Haya, sasa ni ya walio hai. Kaa ule."

Alikaa, akala, na mwisho akaolewa na mwana wa nyumba. Tarehe 2 Julai 1994 alifunga ndoa na Timofei, seremala, ambaye yeye alimwita Timosha, na mwaka 1996 wakampata Ustinya. Timofei ndiye aliyetengeneza benchi lile pale mlangoni. Kabla ya safari yoyote, hata ya kuvuka mto tu, watu wa nyumba waliketi kimya kidogo, ndipo msafiri akanyanyuka na kwenda. Hilleke peke yake alibaki wima. Alisema yeye huombea njia akiwa amesimama.

Jumapili ya tarehe 18 Aprili 1999, Timofei alikuwa anatangulia kanisani kuwasha jiko. Alilishika benchi.

"Tuketi kidogo, Hilleke."

"Timosha, watu wataganda kule. Mlinzi wa njia ni Mungu, si ubao."

"Kidogo tu. Mama atanuna."

"Anune! Barafu naijua mimi, leo ni imara. Nenda!"

Timofei alicheka, akavaa kofia yake ya manyoya, akaenda. Katikati ya mto barafu ikaachia. Kofia ilipatikana. Mwenyewe hakuonekana, wala mto ulipofunguka, wala hadi leo.

Mama Pelageya hakumgombeza Hilleke. Siku ya arobaini tu, akimega mkate, alisema, "Hakuketi. Basi hajaondoka." Neno hilo liliingia nyumbani humu, likakataa kutoka.

Tangu hapo, kila masika barafu inapoanza kupasuka, benchi lililia asubuhi kama linavyolia mtu mzima anapoketi kuvaa mabuti. Ustinya akiwa mdogo alizoea: "Mama, baba amekaa tena." Hilleke aliacha alichokuwa akikishika, akaja kuketi kando, nafasi ya mlangoni akiiacha wazi. "Umeketi, Timosha? Haya, nyanyuka sasa, nenda salama." Alisubiri asikie ubao ukilia mara ya pili, kama unavyolia mtu anaponyanyuka. Haukulia. Miaka yote ile hilo ndilo alilokuwa akiliomba, mume wake anyanyuke.

Misheni ilimwita arudi kwao mwaka 2001. Alikataa. "Nikiondoka, atabaki ameketi na nani?" Akaendelea na uuguzi, na hakuna mgonjwa aliyetoka mikononi mwake bila kuketishwa kwanza. Wamisionari vijana waliopita hapa walimtania, "Dada Hilleke, siku hizi unahubiri mabenchi?"

"Kaa chini kwanza," aliwajibu. "Ukishakaa, nicheke unavyotaka."

Alianza kuumwa mapafu Septemba 2018. Alilazwa Arkhangelsk, na madaktari walipokuwa hawana tena la kufanya, akaomba kurudishwa nyumbani. Alfajiri ya Jumanne iliyopita, tarehe 16 Aprili 2019, alimshika mkono wifi yake Kapitolina.

"Wifi, msinitoe haraka."

"Nani atakutoa haraka, na ulivyo mzito wa ubishi?"

Alicheka kwa pumzi iliyobaki. "Mketi wote. Ile nafasi ya mlangoni muiache."

Jua lilipochomoza alikuwa ameshatulia.

Ameacha binti yake Ustinya na mkwewe Gleb, mjukuu wake Rodion, mama mkwe Pelageya, wifi yake Kapitolina, na kaka yake Sjoerd huko Uholanzi.

Maua mliyoleta ni ya jozi, Mama ameyahesabu mwenyewe. Leo ni tarehe 18 Aprili, na mto unapasuka, mnausikia. Kabla vijana hawajabeba jeneza, tuketi sote: kwenye viti, kwenye ndoo, sakafuni. Pale mlangoni asikae mtu. Ubao ukilia, asigeuke mtu.

Hilleke, tumeketi. Timofei, mkeo naye ameketi. Nyanyukeni sasa wote wawili, mwende salama.