Waya wa Mzee Alawi

Kijiwe cha Mwishehe, mpika kahawa, kiko nyuma ya posta, ubavuni mwa ukuta ambao jua la alasiri huuacha mapema: benchi moja la mninga, jiwe la kukalia anayechelewa, na dele la kahawa juu ya makaa. Sheria yake ni moja tu, iliwekwa mwaka ule watu wawili waliporushiana vikombe: anayesemwa hajibu mpaka dele liishe. Alhamisi hiyo aliyekuwa akisemwa ni Mzee Alawi, karani mstaafu wa posta, aliyegonga simu za maandishi tangu enzi za Mwingereza. Alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, amechoka. Na kuchoka kwenyewe si kwa siku moja. Miaka kumi na minane ana mtambo wa redio nyumbani kwake, ameufunga mwenyewe ndani ya sanduku la chai, leseni anayo, na huongea na watu wa nchi za mbali kwa kugonga ti-ti-ti. Na miaka yote hiyo watu humuuliza kwa nini asifuge kuku.

Safari hii kisa kilikuwa kanga. Jumatatu Bi Mwanamvua, jirani yake, aliuona ule waya wa redio unaotoka mnazini kuja uani, akasema kamba ya bure hiyo, akaanika kanga mbichi. Ndani Alawi alikuwa anagonga. Umeme ukapita kwenye kanga, ukamrusha Bi Mwanamvua, kidole kikababuka. Jumanne akaja Kitwana, balozi wa nyumba kumi, akachukua chuma cha kugongea, akaamuru waya ushuke Ijumaa. Naye Kitwana yupo hapa benchini, anakunywa kahawa kama watu wengine.

— Mimi nasema anaongea na Mreno, alianza Sadallah, aitwaye Gazeti kwa kuwa husoma la juzi akalieleza kama la kesho. Mreno yuko hapo Msumbiji tu. Anataka kujua Bagamoyo kuna nini.

— Kuna nini? aliuliza Mwishehe.

— Ndiyo hilo analotaka kujua!

— Mreno wapi, alidakia Mosi Pasi, fundi cherehani. Mapinga kule mahindi yamekauka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu tumeyaona?

— Tumeyaona.

— Mvua je?

— Hamna.

— Haya. Kati ya wingu na shamba kuna kitu gani?

— Waya, alikubali Gazeti, shingo upande.

— Leseni anayo, nimeiona kwa macho yangu, alisema Kitwana. Lakini leseni haikumwambia Mwanamvua asianike.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Mosi.

— Kaungua kidole, si guu.

— Guu linakuja.

Dadi Nanga, aliyekuwa kimya kwa sababu ya tende mdomoni, alimeza.

— Nyie mnachezea. Juzi nasikiliza vifo redioni. Tunasikitika kutangaza kifo cha… ti-ti-ti-ti! Mpaka leo sijui kafa nani. Nimewalilia wote.

— Pole, Nanga.

— Bado. Humo humo ndani ya ti-ti-ti nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi cha marehemu baba.

— Marehemu anakohoa?

— Si alikuwa na pumu! Lisemwalo lipo, na kama halipo basi liko kwenye waya.

Mzee Alawi alikunywa kidogo. Majibu alikuwa ameyapanga tangu Jumanne: kwamba Mreno hana haja na bei ya nazi, kwamba mvua haina habari na mtu, kwamba Bi Mwanamvua mwenyewe amekwisha kumwomba radhi. Alilitazama dele mkononi mwa Mwishehe. Lilikuwa bado lina uzito.

Aliyekaa kwenye jiwe alikuwa mgeni, Bwanausi wa Miono, na gunia lake la mbaazi, anangoja lori.

— Shikamooni, wazee. Samahani, mimi mgeni. Huyo mwenye waya huongea na nani hasa?

Akajibu Mwishehe, aliyewahi kuelezwa.

— Ana mwenzake Madrasi, Bara Hindi. Fundi saa. Kila siku baada ya alasiri. Hawajaonana hata siku moja.

— Si amwandikie barua, amwambie wamenizuia?

— Barua ya mwisho imerudi, mwenzake kahama. Jumatano ndiyo huyo mwenzake angemgongea anwani yake mpya. Chuma kimechukuliwa Jumanne.

Bwanausi aliliegemea gunia lake.

— Sisi tulipohamishiwa kijijini, mjomba wangu alitoka Pangani kuja kutuona kule kwa zamani. Akakuta kuta tupu, majani yameota jikoni, hapana mtu wa kumwambia. Akarudi kwao akatusomea hitma ya marehemu. Mimi, mke wangu, na watoto. Nilipomwendea mwaka wa pili, alinikimbia.

Nanga alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

— Sasa huyo wa Madrasi, aliuliza Bwanausi, nani atamwambia kuwa mzee huyu yu hai?

Gazeti alilikunja gazeti. Mosi alitafuta uzi kwenye mkono wa shati lake.

— Chuma nimeshakikabidhi kwa wakubwa, alisema Kitwana, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mwishehe aliinamisha dele. Lilitoa machicha.

— Kahawa imekwisha. Haya, Mzee Alawi, sema.

Mzee Alawi alitazama saa yake. Wakati ndio huu. Siku ya pili leo mtu kakaa Madrasi na visikilizio masikioni, anagonga jina la Alawi, anangoja, anagonga tena. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalikuwa ya Mreno na ya mvua, hata moja halikufaa.

— Waya ule ni mrefu, alisema. Kesho baada ya swala ya Ijumaa mje wawili mnisaidie kuukunja. Peke yangu siuwezi tena.

Lori la Miono lilipiga honi. Bwanausi alijitwisha gunia lake, akaaga. Waliobaki hawakusema nani atakwenda.