Dakika Kumi na Tisa za Dolni Yavor

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, tena wote wawili upande mmoja wa kitanda. Ognyan, toka hapo dirishani uje ukae na dada yako, hakung'ati. Miaka sita sasa nakula Pasaka mara mbili, mchana na wewe na jioni na Zdravka, kwa sababu hamtaki kukaa meza moja, na tumbo langu limechoka kuwa stesheni ya makutano ambayo treni hazikutani. Daktari kasema siku zangu zimebaki chache, hakusema ngapi, maana naye hana ratiba. Basi nasema leo asubuhi, pumzi ipo na cheri zimeiva, na ninyi mtanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

Kwanza jueni kwamba naondoka nikiwa na furaha. Miaka thelathini na minane nilikuwa mtunza ishara wa reli hapa Dolni Yavor, nikamwoa mama yenu Nedyalka aliyekuwa akiuza tiketi dirisha la pili, na kila asubuhi ya kazi nilinunua tiketi kwake ya kwenda mahali nisikokwenda, ili tu nimwone akigonga muhuri. Mtu aliyeishi hivyo akilalamika, amemkufuru Mungu.

Tena msije mkawasikiliza wazee wenzangu pale kwenye duka la Minka wanaolilia zamani. Nilikuwepo zamani. Tulikuwa shirika moja, kofia moja, mkubwa mmoja, njia na treni na mchoraji wa mistari ya jukwaa sote tukila sufuria moja, na ni kweli kulikuwa na raha yake. Lakini treni yetu haikuchelewa hata siku moja kwenye vitabu, na mnajua kwa nini? Kwa sababu ikichelewa, mkuu wa stesheni alipanda ngazi akairudisha nyuma saa ya ukutani. Abiria akiuliza, anaambiwa, "Mama, saa yako inakimbia, ipeleke kwa fundi." Hayo ndiyo yaliyokuwa maendeleo yetu. Mataruma yalioza, treni zikatambaa kama zinaogopa kuamsha mtoto, na karatasi zikaenda mji mkuu zinang'aa kama sinia la harusi.

Kwa hiyo mageuzi yalipokuja, mimi sikununa. Walilipasua shirika vipande viwili, kampuni ya njia huku na kampuni ya treni kule, wakaandikiana mikataba, na kila dakika ya kuchelewa ikapewa mwenyewe wa kulaumiwa. Wewe Ognyan ukaenda upande wa njia, ukawa msimamizi wa reli na ishara zote kutoka hapa hadi Staro Mostovo, nawe Zdravka ukaenda upande wa treni, ukawa mkuu wa treni mwenye filimbi na koti la buluu. Nilijisifu kijiji kizima. Nilisema, wengine wana shamba, mimi nina reli nzima, chini ni ya mwanangu na juu ni ya binti yangu. Na kazi ilionekana, wacha niseme haki: mataruma mapya yalilazwa, mabehewa yakaoshwa, na saa ya ukutani wakaifunga kwa komeo ili asiiguse mtu. Anayehesabu kwa haki namheshimu.

Ila kuhesabu nako kuna siku yake. Mnakumbuka walivyokuja kuhesabu abiria wa kituo chetu? Walikuja siku ya kuchuma cheri! Kijiji kizima kiko juu ya miti, midomo myekundu, nani apande treni? Wakaandika abiria wanne, na mmoja wao alikuwa mbuzi wa Minka. Kituo kikafutwa kwenye ratiba. Treni ikawa inapita hapa nyuma ya bustani yetu bila kusimama, na binti yangu ndani yake.

Hapo sasa ndipo penye donda, na donda lisipofunguliwa halikauki.

Mwezi wa sita, miaka sita iliyopita, treni ya saa nne na dakika kumi ilisimama pale kwenye ishara, mbele ya ua wetu, dakika kumi na tisa. Fomu ya kuchelewa ikaletwa, ina visanduku vitatu vya kutia alama: njia, treni, sababu nyingine. Wewe Zdravka ukasema ishara ilikuwa nyekundu, uliiona kwa macho yako. Wewe Ognyan ukasema ishara uliikagua jana yake, ni nzima kama yai, dereva kasimama kwa mambo yake. Kampuni mbili zikaandikiana barua, wakaja wakaguzi, na mwisho, kwa kuwa ukweli haukupatikana, wakazigawa dakika kati, tisa na nusu kwako, tisa na nusu kwake. Nusu ya dakika, wanangu! Hata Mfalme Suleimani alitishia tu kukata.

Halafu wiki tatu baadaye mama yenu akafariki, na kwenye meza ya matanga, ngano ya kuchemsha ya kumkumbukia marehemu haijapoa, mkaanza.

"Mwongo wewe," Zdravka akasema, "umeniharibia jina kazini ili reli yako ionekane safi."

"Na wewe?" Ognyan akajibu. "Unamsingizia kaka yako mbele ya wageni kwa ajili ya taa!"

"Taa ilikuwa nyekundu!"

"Nyekundu ni uso wako!"

Minka akaangusha bakuli. Tangu siku ile hamjasalimiana. Wahenga walisema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, wakipatana uchukue kapu ukavune. Mimi nimelima miaka sita, nimefika hadi kwenye mwamba.

Sasa fungua droo hiyo ya kitanda, Zdravka. Chini ya soksi. Umeupata? Mpe kaka yako auangalie, yeye anaujua. Usishangae hivyo, Ognyan, utameza nzi. Ndiyo. Ni ufunguo wa sanduku la dharura la kugeuzia taa kwa mkono, lile la zamani lililo kando ya nguzo ya ishara, ambalo kampuni yenu mpya iliamini hakuna mwenye ufunguo wake. Nilistaafu nao mfukoni, nikasahau kuurudisha, halafu nikakumbuka, halafu sikuurudisha.

Nyote wawili mlisema kweli. Ishara ilikuwa nzima, na ilikuwa nyekundu. Niliigeuza mimi.

Nyamaza, Ognyan, nimesema msinikatize. Mama yenu ilimbidi ashike ukuta ndipo atembee. Wewe ulikuja kila Jumapili, Mungu akulipe, lakini kazini kwa dada yako walikuwa wamepungukiwa watu, wamempa zamu hadi za sikukuu, hakuwa amekanyaga nyumbani tangu baridi. Na kila siku saa nne na dakika kumi Nedyalka alisimama dirishani na kitambaa chake. Akaniambia, "Zahari, mwanangu namwona kila siku, na kila siku anapita kilomita arobaini kwa saa." Hakulia. Alisema hivyo tu, akarudi kumenya viazi. Nikawaza, mimi ni mtunza ishara wa miaka thelathini na minane, nimesimamisha treni kwa ajili ya theluji, kwa ajili ya ng'ombe, mara moja kwa ajili ya bata na watoto wake saba, nami nishindwe kusimamisha moja kwa ajili ya Nedyalka?

Nilitaka dakika tano. Lakini kutoka mlangoni hadi kwenye ua, kwa fimbo yake, tena akakataa kushikwa, hiyo peke yake ilimchukua dakika nane. Nikamngoja. Nikauacha mkono wangu juu ya ufunguo na nikamngoja. Zdravka, unakumbuka alichokuambia. Mimi nilikuwa mbali, sikusikia, niliona tu wewe umeinama kwenye mlango wa behewa na yeye anakupa kikapu cha cheri juu ya ua, na mnacheka, na abiria wameshusha madirisha wanacheka nanyi, na dereva anaomba na yeye apewe. Hakuna aliyelalamika. Nimeona treni nyingi zilizofika kwa wakati, sijaona hata moja iliyokuwa na furaha kama ile iliyochelewa.

Lia tu, mwanangu. Hayo si machozi mabaya.

Mtaniuliza, baba, mbona hukukiri? Nilikiri! Hapa ndipo Mungu alipocheka. Alikuja kwangu yule mkaguzi mgeni wa tathmini, Bwana Hendrik, mrefu, mpole, amejifunza lugha yetu kwenye kitabu. Nikamkaribisha chini ya mcheri. Akaniuliza, "Mzee, wewe uliigusa ishara?" Nami nina cheri sita mdomoni, na mtu mzima hatemi kokwa mbele ya mgeni. Basi nikamjibu kwa kichwa, nikakitikisa kushoto na kulia, taratibu, kwa huzuni, kama tunavyokubali sisi tangu babu zetu. Ndiyo, bwana, ni mimi. Yule bwana akapumua, akanishika bega, akaandika. Nikamwona mstaarabu kweli. Nikaingia ndani nikafunga soksi mbili za sufu na sabuni, nikaketi kungoja polisi.

Siku kumi nilikaa na kifurushi changu mlangoni. Ikaja barua: "Shahidi Zahari Velchev amekana." Kwao, kumbe, kichwa kikienda kushoto na kulia ni hapana! Nedyalka alicheka hadi akashika mbavu, na kicheko kile kilikuwa karibu na cha mwisho, kwa hiyo Bwana Hendrik simdai neno.

Lakini baada ya mazishi, wakati mnatupiana maneno, mdomo wangu haukuwa na cheri. Hapo ningesema. Sikusema, kwa sababu niliogopa. Niliogopa Zdravka ajue kwamba mama yake alihitaji ishara nyekundu ili amwone, na niliogopa Ognyan, aliyekagua ile taa kwa mikono yake, ajue aliyemtia doa ni baba yake. Siku ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Mficha uchi hazai, nami niliuficha nikawanyima ninyi undugu. Hilo ndilo kosa langu, si ile taa. Kwa taa sitatubu hata mbele ya Mtume Petro. Nitamwambia naye afungue lango, treni inangoja.

Niletee maji kidogo. Ahsante, Ognyan.

Nyumba hii haikatwi. Nimeona kitu kizima kikipasuliwa vipande viwili, na kinaweza kuishi, ndiyo, kinaweza hata kwenda vizuri zaidi, lakini kwa sharti kwamba vile vipande vizungumze kila asubuhi. Nyumba ni yenu wote, na miti ya cheri ni ya wote, na atakayejenga ukuta katikati, mizizi iubomoe. Minka apewe kiti changu, amekitamani tangu ujana.

Na chini ya ufunguo kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ile fomu, niliomba nakala yake. Tazameni kisanduku cha tatu: sababu nyingine. Nimeandika, "Baba," nikatia sahihi. Ipelekeni, wazitoe zile tisa na nusu kwenye majina yenu.

Ya pili mnaijua. Ni ombi la kijiji la kurudishiwa kituo. Limekaa miaka sita kwa sababu linataka sahihi mbili, ya upande wa njia na ya upande wa treni, na kila mmoja wenu anangoja mwenzake aanze. Nataka siku ya arobaini yangu watu waje kwa treni, washuke hapa, nyuma ya bustani, na ngano yao na mikate ya jibini na pombe ya plamu ya Minka. Tena waje wahesabu wakubwa siku hiyo. Mna siku arobaini na kalamu moja. Nani ataanza? Msinitazame mimi... wekeni karatasi hapa kifuani pangu. Hapa.

Wewe kwanza? Haya. Na wewe. Jamani... angalia walivyobanana, kama walipokuwa wakigombea dirisha la behewa.

Mungu awabariki, wanangu. Awape njia iliyonyooka na... na taa ya kijani, na mtu wa kuwasimamisha mnapokimbia mno. Inamisheni vichwa, niwaguse. Kichwa chako, Ognyan, kimekuwa na upara... Zdravka, nywele za mama yako.

Fungueni dirisha. Ni saa nne, sivyo? Naisikia... ipo kwenye kona. Ishara ni nyekundu? Nani... Ognyan, ufunguo uko wapi? Wewe ndiye uliyemtuma mtu aigeuze? Aha. Aha, mwanangu. Abiria wanashusha madirisha. Mpelekee dereva cheri, Zdravka, nenda, nenda... mimi naona kutoka hapa.

Imechelewa dakika ngapi? Sema kwa sauti.

Nne?

Niandikieni mimi.