Mungu Alivyotuchagulia Tiketi ya Kurudi

Sifa zote zimwendee Bwana asubuhi ya leo, kanisa! Naitwa Rodah. Wengi mnanijua kama Mama Sharon, yule anauza nguo za watoto Soko la Toi, na ninaishi hapa Kawangware 46. Miaka yote nimekuwa katika kanisa hili sijawahi kushika maikrofoni. Leo nimeishika, na mtanivumilia, kwa sababu nina mengi ya kusema. Na ninajivuna kidogo, vile mtoto hujivunia babake akimfanyia jambo kubwa mbele ya watu.

Ndugu yangu Elam ni fundi wa kuchomelea vyuma, anaishi Lindi, hapa hapa Nairobi. Ndiye kitinda mimba wetu. Mwaka juzi alianza kuvimba miguu, akadhani ni viatu. Halafu akashindwa kupanda ngazi. Tulipompeleka hospitali tukaambiwa figo zote mbili zimekufa, wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Kutoka hapo maisha yake yakawa Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu anasafishwa, Alhamisi anasafishwa. Akikosa siku moja anashindwa kupumua. Hata maji ya kunywa tulimpimia kwa kikombe.

Tulipimwa ndugu wote wanne. Figo iliyokubali ilikuwa yangu. Na kwa sababu Elam alikuwa na shida nyingine ya mishipa, madaktari wake walisema ni heri upasuaji ufanyike India. Tukauliza tutakaa huko siku ngapi. Daktari akasema hawezi kutudanganya. Inaweza kuwa miezi miwili, inaweza kuwa minne au zaidi. Tutarudi wakati mwili wa Elam utakubali.

Ndugu zangu, acha niseme ukweli mbele za Mungu. Niliogopa! Mtu aliniuliza kama naogopa kisu, nikasema hapana, na kweli sikuogopa kisu. Niliogopa kwenda mahali ambapo hakuna anayejua siku yangu ya kurudi. Sharon alikuwa darasa la sita. Aliniuliza atafunga shule mara ngapi kabla nirudi. Nilikuwa hata nimetunga uongo. Nilipanga kumwambia daktari nina presha ya kuruka ruka, ili anikatae mimi kabla mimi nimkatae ndugu yangu.

Binamu yetu Meshack ndiye alikuwa anapanga safari. Meshack amesoma, na amewahi kwenda Dubai mara mbili kuleta bidhaa, kwa hivyo kwa familia yetu yeye ndiye mtu wa ndege. Alituita kwa nyumba ya Elam akatuonyesha tiketi kwenye simu. Zilikuwa za kwenda tu. Alisema kwa kuwa hatujui siku ya kurudi, hakuna haja ya kununua kurudi, tutanunua tukiwa huko. Tungeondoka Jumamosi jioni, tushuke nchi ya katikati, tungoje hapo masaa kumi na manne, halafu tupande nyingine. Ndizo zilikuwa rahisi kupita zote. Wote wakasema Meshack amefanya kazi nzuri. Elam mwenyewe alikuwa amelala kitandani, akasema, "Mimi sijali tiketi. Nifikisheni tu."

Mimi nilikuwa namimina chai. Niliacha shule darasa la saba, na kwa mikutano ya kwetu nimezoea kuwa yule anapika chai. Meshack akasema atalipa kesho saa nne.

Asubuhi nikafungua kibanda kama kawaida. Nilikuwa nakunja nguo, na nikaomba nikiwa nimeshika suruali ya mtoto mkononi. Sikuomba maombi marefu. Nilisema, Baba, kama ni lazima niende, nitaenda, lakini nitolee huu uoga. Ndugu zangu, sikusikia sauti. Sikuona nuru. Nilichopata ni swali. Elam anasafishwa damu lini?

Nikaweka ile suruali chini nikahesabu kwa vidole. Alhamisi anasafishwa Nairobi. Jumamosi jioni tunaondoka. Jumapili nzima tumekaa kwa viti vya uwanja wa ndege. Tunafika India Jumatatu, tumechoka, hospitali inatuandikisha kama wagonjwa wapya, na mashine ataipata lini? Jumanne? Nani alikuwa amehesabu hiyo? Hakuna!

Nilimwachia jirani kibanda, nikaenda kwa ofisi ndogo ya tiketi karibu na nyumbani, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa. Mwenye ofisi anaitwa Wambui. Singemjua, ni vile tu hununua nguo za watoto wake kwangu. Nilimweleza kila kitu, na swali moja likazaa lingine mpaka nikashangaa haya yote yanatoka kwa kichwa changu. Je, kuna ndege isiyosimama njiani? Alisema iko, ya Ijumaa asubuhi, na jioni hiyo hiyo tuko India. Je, mtu anaweza kununua kurudi bila kujua siku? Alisema unaweka tarehe ya mbali, lakini unachagua ile tiketi inayokubali kubadilishwa, kwa sababu kuna nyingine ukikosa siku yako imekufa. Alinisomea masharti polepole. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nimefikiria. Alisema tusiandikwe pamoja. Mwenye kutoa figo hupona mapema kuliko mwenye kupokea, kwa hivyo kila mtu awe na tiketi yake, mmoja akiitwa nyumbani mwingine abaki bila shida. Mwisho akasema hata pale mpakani wakiona una tiketi ya kurudi, hawakuulizi maneno mengi.

Saa nne ilikuwa karibu. Nikampigia Meshack. Alinisikiza kidogo, akasema hizo ni ghali, akaniuliza, "Rodah, wewe umewahi panda ndege?"

Siku nyingine ningekata simu nikalie. Lakini Bwana alikuwa amenifungua kinywa. Nikamwambia, "Sijawahi. Lakini figo ni yangu na ndugu ni wangu. Tutaenda Ijumaa na ndege isiyosimama, na tutakuwa na tiketi ya kurudi. Bila hiyo mimi sipandi."

 Meshack akaniuliza jina la ofisi. Alikuja mwenyewe, akakaa kwa kiti cha plastiki, akamwambia Wambui arudie yote tena, na akalipa zile nilizochagua mimi!

Alhamisi Elam akasafishwa. Ijumaa tukaruka. Jumamosi asubuhi hospitali ya kule ikampima damu na watu wakaanza kukimbia. Kuna madini fulani yalikuwa yamepanda, yale yanayosumbua moyo. Wakamweka kwenye mashine hapo hapo. Jioni daktari alikuja akauliza ni nani alipanga safari yetu. Elam akaninyooshea kidole. Yule daktari akaniangalia akasema, "Ulipanga vizuri. Angechelewa siku mbili, hatungekuwa tunazungumza naye."

Ndugu zangu, hizo siku mbili zilikuwa ndani ya ile tiketi nyingine!

Upasuaji ulifanyika. Mimi nilipona haraka, wiki ya tano wakaniambia naweza kwenda nyumbani. Lakini wiki hiyo hiyo Elam alipata homa, na mwili wake ukaanza kuikataa figo. Nilikuwa na tiketi yangu peke yangu, ningeweza kuondoka, hakuna angenilaumu. Nilimpigia Sharon nikamweleza. Akasema, "Mum, kaa na uncle." Kwa hivyo nilikaa kwa kuchagua, sikukaa kwa kufungiwa, na uoga wote ulikuwa umeisha. Wambui alisongesha tarehe zetu mara mbili kutoka Kawangware, na mara zote mbili nilikuwa nimemtumia ujumbe mfupi tu. Dawa zikashika. Figo ikatulia. Mwezi wetu wa nne kule, tukapanda ndege pamoja, viti viwili vya karibu, na Elam akaagiza maji, akanywa glasi nzima bila mtu kumpimia. Nilimwangalia akinywa mpaka akaniuliza kama na mimi nina kiu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru nyinyi mliotuombea. Meshack yuko pale, ananicheka, na siku hizi akitaka kusafiri ananiuliza mimi. Na wewe uliyekaa hapo ukiwa na jambo zito, umeambiwa hujui, hujasoma, nyamaza, mwambie Bwana. Pengine hatakupa jibu. Pengine atakupa swali. Liulize kwa sauti, na yeye atasimama na wewe.

Nimemaliza. Elam, simama watu wakuone. Hapana, mama uliyekaa karibu naye, usimshike mkono. Mwache. Anasimama mwenyewe.