Radojka Stamenić na Kijiko Alichonyang'anywa

Sista Radojka Stamenić aliingia kazini miaka thelathini na minne iliyopita, akiwa nesi wa kutembelea wagonjwa majumbani katika kliniki yetu ya Donja Lipa. Anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba. Mkurugenzi aliomba wasifu huu uandikwe na mtu anayemfahamu vizuri, na kwa kuwa wengine wote walisema wana kazi, umeandikwa na dereva wake, Ratomir.

Kazi ya Radojka ilikuwa watu wa sukari na presha. Bonde letu linao wengi, kwa sababu lina nguruwe wazuri na watu wasiopenda kutembea. Aliwapima sukari, akawapima presha, kisha akawavua soksi akague nyayo, maana mguu wa mwenye kisukari huweza kuoza mwenyewe akiwa hana habari. Wanaume ambao hawamvulii askofu kofia walimvulia Radojka soksi. Huu ni mwaka wa kumi na mbili bila mguu kukatwa katika eneo lake. Kwenye hotuba za kumuaga jambo hilo litatajwa harakaharaka, kwa hiyo tunalirudia: hata mguu mmoja.

Alifanya kazi kwa kalenda ya watakatifu. Kila ukoo huku una mtakatifu wake na karamu yake, na yeye alijua nani atakula nini, na lini. Nusu ya bonde ni watu wa Mtakatifu Nikola, tarehe 19 Desemba. Tarehe 20 asubuhi Radojka yuko mlangoni na kipimo. Mzee Vitomir Glišić aliwahi kujificha kwenye banda la kuku, alipimwa humohumo. Dereva naye alikatazwa sigara mwaka wa kwanza, soseji mwaka wa pili na chumvi mwaka wa tatu. Hakuulizwa maoni.

Tatizo lilikuwa slatko. Mgeni akiingia nyumba ya huku hupewa kijiko kimoja cha matunda yaliyopikwa kwa sukari mpaka yakawa mazito, na glasi ya maji. Kukataa ni kumtukana mama mwenye nyumba, na pengine marehemu mama yake pia. Radojka aliwakataza wagonjwa slatko, lakini yeye alikula. Hoja yake ilikuwa kwamba kijiko kile si chakula, ni salamu, na salamu haihesabiwi. Nyumba nane kwa siku ni salamu nane.

Machi ya mwaka juzi, nyumba ya saba ilikuwa ya Bibi Perunika Savatić, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu na sukari ya miaka ishirini. Radojka alikuwa anatoka jasho kwenye baridi na anahema kama aliyepanda mlima, ilhali gari lilisimama mlangoni. Taya lilimuuma, alisema ni jino. Kifua hakikumuuma kabisa. Alikuwa ameshashika kijiko cha slatko Bibi alipomtazama usoni, akakinyang'anya. Jambo hilo halijatokea bondeni tangu enzi za kutawaliwa na Mturuki.

"Hilo si jino, mwanangu," alisema Bibi. "Miaka tisa unanikalisha hapa ukiniambia mwenye sukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila kifua kuuma. Ulidhani nasinzia? Haya, wewe una sukari tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa saba," alisema Radojka, kisha akakumbusha kwamba imebaki nyumba moja.

Bibi alimjibu kwamba maiti haitembelei wagonjwa, akamwamuru dereva aite gari la wagonjwa. Dereva alipiga simu. Hospitalini walizibua mishipa miwili ya moyo. Angechelewa kidogo, tungekuwa tumeshaandika wasifu wa aina nyingine.

Miaka saba alijipima chooni na kununua dawa mji wa jirani, wagonjwa wasijue. Madaktari watatu na dereva mmoja tulikula naye kila siku, na hatukumuuliza hata mara moja hali yake. Inatuuma mpaka leo, na tunamwomba radhi hapa.

Alirudi baada ya miezi minne. Tangu hapo, kwenye kila mlango alisema "nina kisukari" kabla ya "habari za asubuhi". Akina mama walinuna wiki mbili kwa kijiko chao kukataliwa. Kisha nao wakaanza kusema ukweli: nani hamezi vidonge, nani anahema akipanda ngazi. Kumi na mmoja walipelekwa kwa daktari wa moyo mwaka ule. Wote wako hai na wanalalamika kwamba chakula hakina chumvi.

Sista Radojka, asante kwa miguu yetu na mioyo yetu. Tunakuombea uzee mrefu, mtulivu, hata wa kuchosha. Jina lako tumeliandika kwenye daftari la wagonjwa. Miadi yako ya kwanza ni Jumatatu, tarehe 3 Novemba, saa moja na nusu asubuhi, usile kitu. Usituambie umeshajipima nyumbani. Dereva atakuwa mlangoni kwako saa moja kamili. Safari hii kaa nyuma, wanakokaa wagonjwa.