Elinipendo, Mkutubi Aliyetafuta Vipimo vya Mrututu

Wachungaji wetu, wazee wa usharika, walimu na wanafunzi mliopanda kutoka Moshi mjini, majirani na jamaa wote mliofika hapa Uswaa, Machame, leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mimi naitwa Eliudi, ni mdogo wake Ronald, mume wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwaeleza maisha ya shemeji yangu Elinipendo tangu alipozaliwa hadi Mungu alipomchukua. Tarehe zote nitakazotaja nimezihakiki kwenye vyeti, kwa sababu marehemu alikuwa mkutubi, na mtu akikosea mwaka mbele yake alimsahihisha hapo hapo, hata kama mtu huyo alikuwa amesimama msibani na karatasi mkononi, jambo alilonifanyia mimi mwaka 2011 tulipomzika baba.

Elinipendo alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1963 katika kijiji cha Nronga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita, akabatizwa tarehe 22 Desemba mwaka huo huo, na kupata kipaimara mwaka 1978. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, kisha kidato cha tano na cha sita kuanzia 1982 hadi 1984, akichukua masomo ya sayansi. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa Kemia, lakini shuleni kwao kulikuwa na kitabu kimoja cha Kemia kwa wasichana arobaini na wawili, nacho kilifungiwa kabatini, na mwalimu akisafiri alisafiri na ufunguo. Matokeo yalipotoka, alama za Kemia hazikumtosha kwenda chuo kikuu, akalia wiki nzima, kisha akafuta machozi na kumwambia mama yake kwamba hatakubali kuona mwanafunzi mwingine anafelishwa na kabati.

Baada ya kumaliza mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, mwezi Septemba 1986 aliajiriwa kama karani wa maktaba katika chuo kimoja hapa Moshi, ambacho baadaye kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, na kati ya mwaka 1989 na 1991 alikwenda Bagamoyo kusomea stashahada ya ukutubi. Aliporudi alikabidhiwa rafu za sayansi, na hakuziachia mpaka alipostaafu tarehe 3 Oktoba 2023, na hata baada ya hapo aliendelea kwenda kila Jumanne na Alhamisi kwa kujitolea, akidai kwamba kiti chake kingepata baridi.

Namna yake ya kufanya kazi wanaijua vizuri wanafunzi walioko hapa, maana wengi wenu iliwaudhi kabla ya kuwasaidia. Mwanafunzi wa Kemia akifika na mada ya utafiti, marehemu hakumpa kitabu wala hakumruhusu kugusa kompyuta, alimkalisha na karatasi tupu, akamtaka aandike kila jina ambalo kitu chake kimewahi kuitwa, la kisasa na la zamani, fomula yake, jina la dukani, jina wanalolitumia wakulima, kisha majina ya watu waliowahi kukipima, kisha mahali walipokipimia, na hapo ndipo kutafuta kulipoanza. Aliwafundisha kusoma makala kuanzia mwisho, kwenye orodha ya marejeo, akisema huko ndiko mwandishi anakoonyesha alikula kwa nani, na pale mtandao ulipowapa muhtasari tu na kuwafungia makala yenyewe, aliwaandikisha barua ya heshima kwa mwandishi wake, awe Uholanzi au Nairobi, na wengi walijibiwa. Nasikia walimwita Mama Marejeo, na nasikia pia kwamba alijua.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na kaka yangu Ronald, fundi wa mitambo ya umeme, katika usharika wetu hapa Machame, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rachel aliyezaliwa tarehe 11 Machi 1995, na Elisifa aliyezaliwa tarehe 27 Julai 1998, na sasa ameacha wajukuu watatu. Wiki ya kwanza alipoletwa nyumbani hapa alibandika vikaratasi vya majina na tarehe kwenye makopo yote ya mama, hata kopo la chumvi, na mama, ambaye hakuwahi kupoteza chumvi maishani mwake, siku ya tatu alianza kumwomba abandike na kwenye mifuko ya mbegu. Walipatana hadi mama alipofariki, na mimi niliyekuwa bado kijana nyumbani nilimpata dada ambaye sikuzaliwa naye.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu kazi ya mwisho ya marehemu inanigusa mimi mwenyewe, na familia imekubali niieleze kama ilivyokuwa. Mwaka 2023 alifika maktaba binti anayeitwa Winfrida, mzaliwa wa Mkuu, Rombo, ambaye yuko hapa pamoja nasi, akifanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mrututu, ile dawa ya buluu ambayo baba zetu waliipulizia kahawa msimu hadi msimu, na ambayo ndani yake kuna shaba. Alitaka kujua kama shaba hiyo imebaki juu ya udongo wa vihamba vyetu, haya mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu, tunapootesha sasa mboga na majani ya ng'ombe, au imeshuka chini kuelekea maji tunayokunywa, na swali hilo halijibiki kwa kupima leo peke yake, lazima uwe na vipimo vya zamani vya kulinganisha. Kwenye marejeo ya makala moja kuukuu aliona imeandikwa kwamba mwaka 1968 vihamba arobaini vya Machame vilichimbwa na kupimwa kwa kina cha futi moja, futi tatu na futi sita, lakini majedwali yenyewe hayakuwepo popote mtandaoni, na msimamizi wake akampa hadi tarehe 30 Agosti 2024 ayapate au abadilishe mada.

Marehemu aliichukua kazi hiyo kama vile tarehe ile alikuwa amepewa yeye, akaandika barua thelathini na moja kwa maktaba za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Ulaya, na majibu yakawa hakuna, hakuna, au kimya. Barua ya thelathini na moja ndiyo iliyojibiwa vingine, mkutubi mmoja wa ng'ambo akaeleza kwamba nakala yao waliirudisha Tanzania mwaka 1992, na ilipelekwa Moshi, kwenye maktaba ile ile ambayo marehemu alikuwa ameketi akiisoma barua hiyo. Akafungua daftari la mapokezi la mwaka 1992, na siku ya Jumanne tarehe 13 Agosti 2024 akazikuta juzuu mbili za majedwali kwenye rafu ya historia za koo, zikiwa na kadi ya mwandiko wake mwenyewe.

Kosa hilo lingeweza kufanywa na mtu wa huku kwetu tu. Wapimaji wa mwaka 1968 hawakupanga vihamba kwa ramani, walivipanga kwa wenyewe, kila ukurasa una jina la mzee, jina la baba yake, ukoo wake, na ndipo tarakimu zinafuata, na Elinipendo, akiwa mkutubi mpya mwenye masanduku kumi na moja ya kufungua, aliona majina ya wazee wa Machame yamefuatana ukoo kwa ukoo, akajua moja kwa moja kuwa hicho ni kitabu cha koo. Kwa miaka thelathini na miwili watu waligombea mipaka ya mashamba kwa kutumia vitabu vile, wakitafuta nani ni mjukuu wa nani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza zile tarakimu ni za nini. Alhamisi iliyofuata alisimama mbele ya walimu na wanafunzi wa Kemia, akaeleza kwamba aliyeificha kazi waliyokuwa wanaitafuta ni yeye, na wenzake walipomshauri kadi ibadilishwe kimya kimya alikataa, akaandika kadi mpya yenye tarehe ya kosa, tarehe ya kusahihishwa na jina lake kamili. Aliniambia kwamba aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini kwamba mkutubi anayeficha kosa lake anamfundisha mwanafunzi kuficha vipimo.

Kihamba namba kumi na saba katika majedwali hayo ni hiki mlichokaa, cha baba yetu Mzee Eliona, ambacho mimi kama mtoto wa mwisho wa kiume niliachiwa kukitunza, na katika vyote arobaini ndicho pekee ambacho kahawa yake haijang'olewa na mrututu haujaacha kupulizwa hadi leo, kwa hiyo ndicho ambacho Winfrida alikihitaji kuliko vingine. Tarehe 19 Novemba 2024 marehemu, aliyekuwa akilalamika maumivu ya tumbo, alipimwa katika hospitali ya Mawenzi na kupelekwa hospitali ya rufaa, akaonekana ana saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na badala ya kupumzika alipanga ratiba ya utafiti wa Winfrida pembeni ya ratiba yake ya kliniki, kwenye karatasi moja.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 walikuja wote wawili kuniomba nichimbe shimo la futi sita, kwa sababu kutoboa kwa bomba jembamba kunaangusha udongo wa juu na kuharibu vipimo, na kazi ya 1968 ilifanyika kwa shimo ambalo mtu anashuka ndani. Nilikataa. Niliwaambia mama alitufundisha kwamba shimo la kina kile halifunguliwi kihambani kama hakuna wa kuzikwa, na hayo yalikuwa kweli, lakini ukweli mzima, ambao sikuusema, ni kwamba nilimtazama shemeji yangu alivyokonda, shingo imebaki mishipa, nikaogopa kwamba nikichimba nitakuwa nimemchimbia yeye. Alirudi mwezi Machi akitembelea fimbo, nikampa maziwa na kumkatalia tena, akarudi mwezi Aprili kwa bodaboda akishikwa na jirani yake wa mjini, Mama Rukaya, nikamkatalia mara ya tatu, na siku hiyo aliondoka bila kumaliza maziwa yake.

Tarehe 2 Mei 2025 aliandika barua akamkabidhi Ronald, na mstari ninaoruhusiwa kuusoma unasema hivi: “Eliudi hataki shimo kabla ya msiba, basi msiba ukija atachimba apende asipende, na kabla sijashushwa mimi, ashuke Winfrida.” Marehemu alifariki siku ya Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa tano asubuhi, katika hospitali ya rufaa, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mumewe na watoto wake wakiwa kando ya kitanda.

Jana Ijumaa vijana wa ukoo walipomaliza kuchimba kaburi hapa kihambani, wazee walisimama pembeni, mchungaji aliomba, na Winfrida akashuka kwa ngazi akiwa amevaa gauni la msiba na glavu, akachukua udongo wa futi moja, wa futi tatu na wa futi sita, akiandika namba kumi na saba kwenye kila mfuko huku machozi yanadondoka, na aliyeshika ngazi ni mimi. Mifuko iko tayari, Jumatatu itaingia maabara, na tasnifu ina nafasi ya kukabidhiwa mwisho wa mwezi Agosti mwaka huu kama ilivyopangwa. Majibu siyajui, yanaweza kunikataza kuotesha mboga hapa au yanaweza kunipa usingizi, lakini najua kwamba Elinipendo angeweza kuyasoma kwa macho yake mwezi Machi kama si mimi, na hilo nimelilia, na nitaendelea kulilia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mawenzi na wa hospitali ya rufaa, ambao walimruhusu awe na kompyuta kitandani hata pale waya wake ulipowasumbua, inamshukuru Mama Rukaya na majirani wote wa Moshi mjini waliompikia, wakamwogesha na kumsindikiza kliniki kwa miezi saba, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa maktaba na Idara ya Kemia, usharika, kwaya ya akina mama, na kila aliyeleta ndizi, maziwa, kuni au mikono yake. Wengine ambao hatukuwataja tunaomba mtusamehe, yeye asingewasahau.

Na kabla sijakaa, kwa kuwa wazee wapo na mchungaji ni shahidi, natangaza kwamba tangu leo mtafiti yeyote anayetaka kupima kihamba namba kumi na saba abishe hodi, mchana wowote, shimo nitalichimba mimi mwenyewe kwa jembe langu, na hatalazimika kungoja mtu wa nyumba hii afe. Shemeji, ulinishinda, nilipaswa kukubali ukiwa hai. Pumzika kwa amani.