Martina Mageni, Aliyevusha Mizigo ya Wakimbizi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Charles, mdogo wake marehemu. Familia imeniomba nisome.

Martina Mageni alizaliwa Katoro tarehe 14 Agosti 1971, mtoto wa pili wa mzee Mageni na mama Bernadina, wakulima wa pamba. Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza sekondari Shinyanga mwaka 1990.

Alianza kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na shemeji Edward, wakajaliwa Loveness na Stanslaus. Mwaka 1998 akaingia kazi ya uwakala wa forodha pale bandari kavu ya Isaka, akitoa mizigo ya mashirika ya misaada iliyokwenda kambi za wakimbizi za Kigoma. Aliifanya miaka ishirini na mitano.

Mwaka 2016 yalifika makontena mawili ya chakula cha watoto wenye utapiamlo. Aliyeyatuma alikosea idadi ya maboksi kwenye nyaraka. Dereva akamwambia, "Mama Loveness, si urekebishe tu kwa kalamu twende?" Akakataa. "Nikifuta hapa leo, kesho forodha hawataniamini hata kwa mzigo wa dawa."

Alikaa kwenye benchi la forodha siku tatu, akimpigia mtumaji simu, akisubiri barua ya masahihisho. Ofisa akamhurumia: "Nenda kapumzike, mama, tutakuita." Dada akajibu, "Nikipumzika mimi, na faili litapumzika."

Barua ilikuja, malori yakaondoka. Wiki iliyofuata muuguzi wa kambini alimpigia kushukuru. Katika kushukuru akataja watoto wawili waliofariki kabla mzigo haujafika. Dada aliniambia, "Charles, siku tatu ni nyingi mno." Tangu hapo alidai nyaraka na kuzikagua kabla meli haijang'oa nanga, na watumaji walimwona msumbufu.

Mwaka 2023 miguu ilianza kuvimba. Madaktari wakasema moyo umetanuka. Kliniki aliahirisha mara nyingi, kila mara kuna mzigo. Hatimaye aliacha kazi, akahamia kwa Loveness, Kalangalala. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mama yetu Bernadina, na sisi wadogo zake wanne.

Alichoka, nasi tulimwona akichoka. Ee Mungu, mpumzishe kwa amani.